Kusoma Huanza Jikoni: Somo kwa Vikundi

Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja. Mtoto amekwenda nasari miaka miwili, PP1 na PP2, karo imelipwa, pesa za uji zimelipwa, na akifika Gredi ya 1 bado anakitazama kitabu kama vile ng'ombe anavyotazama gari. Wengine wanamlaumu mwalimu. Wengine wanalaumu mtaala. Sisi hatukuja kumtetea mtu hapa. Lakini tungependa kuanza mahali mtoto alipokuwa kabla hajaonana na mwalimu hata mmoja, yaani nyumbani, ile miaka minne ya kwanza.

Kwanza tuwaambie jinsi sisi wenyewe tulivyokosea, kwa maana kosa hilo lilitufundisha zaidi ya semina nyingi.

Tulialikwa na kikundi kimoja cha akina mama, huku kwetu Ukambani, siku yao ya mwethya. Kazi ya matuta ilipokwisha tukaketi chini ya mwembe. Tulikuwa na karatasi kubwa yenye herufi. Tukaitundika kwenye shina la mti, tukaanza: hii ni a, hii ni e, hii ni i. Halafu tukamwomba mama mmoja asimame awaonyeshe wenzake jinsi atakavyomfundisha mtoto wake nyumbani. Yule mama alisimama, akaitazama karatasi, akasema ameacha maharagwe motoni, akaondoka. Hakurudi. Mkutano uliofuata pia hakuja, na zamu ya meri-go-raundi ilikuwa imefika kwake. Hebu fikirini, mtu anaacha pesa zake mwenyewe kwa sababu ya aibu.

Mweka hazina ndiye aliyetuita kando akatueleza. Mama huyo hakuingia shuleni hata siku moja. Katika daftari la kikundi yeye huweka kidole gumba. Wenzake wanajua, na hakuna anayemcheka. Sisi ndio tuliomsimamisha mbele ya watu na kumpa karatasi ya herufi.

Tukaenda kwake kuomba msamaha. Tulimkuta ameketi kwenye kigoda, ungo wa ndengu mapajani, na mtoto wake wa miaka minne amechuchumaa kando. Hawakutuona mara moja. Walikuwa wanazungumza Kikamba, sisi tunawaandikia kwa Kiswahili.

"Hii ina shimo," mtoto alisema.

"Ehe, mdudu aliingia hapo. Unafikiri alitokea wapi?"

"Huku."

"Kweli, akatokea upande wa pili, akatuachia ganda tu. Sasa tuiweke wapi, kwa nzuri ama kwa mbovu?"

"Kwa mbovu. Kuku atakula mdudu."

"Kuku atakula nini, na mdudu ameshaenda zake?"

Mtoto akacheka mpaka akaketi chini. Basi tukapiga hodi, tukaomba msamaha, tukanywa chai. Mama akatuambia, "Walimu wangu, mimi sikukasirika. Lakini sikusoma. Mtoto huyu nitamsaidia nini?" Tukamwambia kwamba yale tuliyoyasikia tukiwa pale mlangoni ndiyo somo lenyewe, na kwamba sisi tulikuwa tumeanza mwisho badala ya mwanzo. Alitutazama kama watu wanaomfariji. Ndiyo maana tunataka kueleza vizuri, ili mtu asifikiri ni maneno ya kufariji.

Mtoto anaposoma anafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kugeuza alama za karatasini kuwa sauti. Kazi ya pili ni kutambua kwamba sauti ile ni neno analolijua, na neno hilo lina maana. Akisoma "u-ngo" na alishawahi kushika ungo, kupepeta kwa ungo, na kukemewa kwa kuukalia ungo, hapo neno linaingia mara moja. Lakini kama hajawahi kulisikia, amesoma kelele. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na hii ni baraka, kwa sababu mtoto akishajua ba be bi bo bu na ndugu zake anaweza kupita ukurasa mzima bila kukwama. Lakini ni mtego pia. Mzazi anasikia mtoto anatiririka, anafurahi, kumbe ukimwuliza "hadithi ilisema nini?" hana la kusema.

Watu wa Uwezo, ambao huwapima watoto nyumbani kwao badala ya shuleni, walipotoa ripoti zao za kwanza miaka ya mwanzo ya 2010, walisema kwamba katika watoto 10 wa darasa la tatu ni kama 3 tu walioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Wengi walishtuka. Tangu mwaka 2015 serikali ilileta mpango wa Tusome katika madarasa ya chini, vitabu vikafika na walimu wakafundishwa upya, na mambo yalisogea. Hata hivyo, maneno yanayoingia kichwani mwa mtoto kabla ya shule hayaletwi na lori la vitabu. Yanatoka kwa yule aliyekaa naye siku nzima.

Sasa, kuzungumza na mtoto si kumwamuru. Tukijichunguza tutaona kwamba maneno mengi tunayowaambia watoto wadogo ni amri: njoo, toka, nyamaza, leta, wacha. Amri ni lazima, hatukatai, boma haliendi bila amri. Lakini amri haina jibu. Mtoto anatii au anakimbia, basi. Mazungumzo yanakwenda na kurudi, kama mpira. Mtoto wa miaka miwili anasema, "Mbuzi maji." Wewe unaweza kusema "Mm" ukaendelea na kazi. Au unaweza kumrudishia neno lake likiwa limeongezwa: "Ndiyo, mbuzi anakunywa maji. Ana kiu, alikuwa juani." Hujamsahihisha, hujamwaibisha, lakini sasa amesikia sentensi nzima juu ya jambo alilolianzisha yeye. Na hukuacha kazi yako. Fanya hivyo ukichota maji, ukichambua mbaazi, ukimwogesha. Mtoto mchanga kabisa asiyejua kusema naye aambiwe. Akitoa sauti, mjibu, halafu nyamaza kidogo umpe nafasi yake.

Na maswali yawe ya kumfanya aseme. "Umekula?" linajibiwa kwa ndiyo. "Leo kwa susu mlikula nini, na nani alipika?" linadai hadithi.

Hapa huulizwa: kwa lugha gani? Tunajibu bila kusita: kwa lugha mnayoizungumza nyumbani, ile mzazi anayoijua mpaka mizizi. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na mtaala wa sasa nao unasema hivyo kwa nasari mpaka Gredi ya 3. Sababu yake ni ile tuliyoeleza. Mtoto hujifunza kusoma mara moja tu. Akishajua kwamba alama hubeba sauti na sauti hubeba maana, ujuzi huo anauhamisha kwenye Kiswahili na Kiingereza. Lakini ni vigumu kujifunza jambo jipya kwa maneno mapya kwa wakati mmoja. Tumesikia wazazi wanaojitahidi kumwambia mtoto "kam hia" na "siti dauni" kutwa nzima, wakidhani wanamtangulizia shule. Kusema ukweli mtoto huyo anapata maneno kumi ya Kiingereza na kupoteza mia mbili ya Kikamba. Kiingereza kitakuja. Kama nyumbani mnazungumza Kiswahili, ni vizuri vilevile, lakini kiwe kile mnachoweza kuchekea na kusimulia.

Tena tusimcheke mtoto akisema "ngali" badala ya gari. Kikamba hakina r yake, na ulimi wa mtoto unafuata ulimi wa nyumbani. Wenzetu Wajaluo watoto wao husema "samba" kwa shamba, kwa sababu Kijaluo hakina sh. Jibu tu, "Ndiyo, ni gari, linakwenda Wote," naye atasikia. Mtoto anayechekwa hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hana njia ya kujifunza.

Jambo la pili ni masikio. Kabla ya herufi kuna sauti, na mtoto lazima aanze kusikia kwamba neno lina vipande. Mchezo wa makofi unatosha. Sema jina la mtoto polepole huku mkipiga kofi kwa kila kipande: Mo-ni-ka, makofi matatu, Ju-ma, mawili. Kisha ng'o-mbe, ki-ka-pu, ma-ha-ra-gwe. Watoto wanapenda sana kuwapigia makofi wageni. Baadaye cheza hivi: "Nafikiria kitu kilichoko hapa jikoni, kinaanza na sauti su." Sufuria! "Kinaanza na ki." Kijiko, kikombe, kigoda, hata kiatu kama kuna mtu amekiacha jikoni. Mchezo huu hauhitaji karatasi wala mzazi aliyesoma. Unahitaji masikio.

Na vitendawili, jamani, tumevitupa wapi? Zamani jioni mtu alisema "Kwata ndai!" na boma zima likajibu. Kitendawili kinamfanya mtoto ageuze neno kichwani, aone kwamba nyumba isiyo na mlango yaweza kuwa yai. Hiyo ni kazi ngumu ya akili, na anaifanya akicheka. Siku hizi jioni ni simu. Hatusemi mtupe simu, hata sisi tunayo. Lakini simu humwambia mtoto bila kumsikiliza. Ukimsimulia hadithi ya sungura na fisi, simama katikati umwulize, "Sasa wewe unaona fisi atafanya nini?" Akikosea, ni sawa, mwache hadithi yake iende alikotaka. Kesho mwambie yeye akusimulie. Atarukaruka, ataanzia mwisho, atasahau fisi njiani. Msikilize mpaka amalize. Kupanga kilichotangulia na kilichofuata ni ujuzi uleule atakaouhitaji mbele ya kitabu.

Kuhusu herufi zenyewe hatutasema mengi, mwalimu wa nasari ana kazi yake. Anzeni na jina la mtoto, kwa sababu hilo analipenda kuliko maneno yote. Liandikwe kwa kijiti mchangani, kwa makaa juu ya katoni iliyofunguliwa. Kama hakuna mtu mzima anayejua kuandika, mtoto mkubwa ataandika. Tamka sauti ya herufi na kipande chake, ma, me, mi, badala ya kukariri majina ya herufi kama wimbo. Msilazimishe mtoto wa miaka mitatu kushika kalamu. Vidole vyake bado. Akiokota ndengu, akifinyanga udongo, akifunga kamba, vidole vinajitayarisha.

Halafu kuna maandishi yaliyomo nyumbani tayari. Paketi ya unga, sabuni, kalenda ya parokia, kitabu cha nyimbo, kadi ya mtoto ya kliniki. Mtoto anayetumwa kuleta paketi ya chumvi akaileta bila kukosea na paketi ya majani chai iko hapohapo, ameanza kusoma, hata kama anafuata rangi kwanza. Mwonyesheni neno lenyewe. Kanisani, yule anayefuata wimbo kitabuni apitishe kidole chini ya maneno ili mtoto aliye mapajani aone kwamba wimbo unatoka kushoto kwenda kulia.

Mzazi asiyejua kusoma anaweza kabisa kushika kitabu cha picha na mtoto. Fungueni pamoja, ulize: "Huyu ni nani? Mbona analia? Nyumba hii inafanana na ya nani?" Mtungeni hadithi yenu wenyewe kutoka kwenye picha. Na mtoto wa Gredi ya 4 amsomee mdogo wake, kila mmoja atafaidika. Mnakumbuka shule zilipofungwa Machi 2020, na wadogo hawakurudi mpaka Januari 2021. Katika boma moja tulilotembelea, msichana wa darasa la sita alikuwa amefungua shule chini ya mti, wanafunzi wake ni wadogo zake wawili, jirani mmoja na kondoo. Alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote. Walisoma kitabu kimoja kilekile, kimechanika jalada, mpaka mdogo akawa anakisema kwa moyo huku akifungua kurasa mahali panapofaa. Mama yao alilalamika kwamba huko si kusoma, ni kukariri. Tulimwambia amwache. Anayejua ni ukurasa upi una maneno yapi yuko karibu sana na mlango.

Akina baba, msidhani mmesahauliwa. Katika mikutano yetu baba akisikia habari za nasari huinuka kwenda kuangalia mbuzi. Lakini mtoto akimwona baba anasoma gazeti, au ujumbe kwenye simu kwa sauti, au akimweleza kwa nini tuta linachimbwa hapa na si pale, anapata maneno ambayo mama hana.

Sasa jambo ambalo linatuuma. Si kila mtoto anayechelewa kusema ni mvivu au mjinga. Tulimfahamu mtoto wa miaka mitano aliyeitwa bubu na watoto wenzake na "kichwa ngumu" na watu wazima. Alipigwa kwa kutotii. Siku moja muuguzi alitazama masikio yake akakuta usaha, na mama akasema, "Hayo yametoka tangu akiwa mdogo, tumezoea." Mtoto hakuwa anasikia vizuri miaka yote hiyo. Alikuwa anaadhibiwa kwa kutofuata maneno ambayo hayakumfikia. Tafadhali, sikio linalotoa usaha lisizoewe. Msitie mafuta wala maziwa wala dawa ya majani. Mpelekeni dispensari, watawaonyesha jinsi ya kulikausha kwa kitambaa safi kilichosokotwa, na watatoa dawa inayofaa. Pia tazameni kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto mnachopewa kliniki. Ndani yake, mbali na chanjo na uzito, kuna ukurasa wa hatua za kukua. Mtoto wa mwaka na nusu asiye na neno hata moja, au wa miaka miwili asiyeunga maneno mawili, au yule ambaye hageuki akiitwa kwa nyuma, aonwe. Kuna vituo vya EARC vya kupima watoto wenye shida ya kusikia, kuona na kujifunza. Vilianza mwaka 1984, na ofisi ya elimu itawaelekeza kilicho karibu. Nendeni mapema, msingoje Gredi ya 1.

Tumalizie na sanduku la vitabu, kwa maana kikundi kimoja kimeshalianza na vingine vinauliza. Hapa pia tulikosea mara ya kwanza. Tulipata vitabu vya picha kwa msaada, tukavifungia kabatini ofisini visichafuke. Tulipofungua kabati, panya walikuwa wametutangulia. Kitabu kilichochakazwa na watoto kimefanya kazi. Kitabu safi cha kabatini ni chakula cha panya. Huko Garissa tangu mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia mpaka kwa wafugaji wanaohamahama, na sisi tulishindwa kuvuka barabara.

Kikundi tunachosema kilitumia pesa za faini za wanaochelewa mkutano. Walinunua vitabu vichache vya hadithi, vya Kiswahili na vya Kikamba, wakavitia kwenye sanduku la bati linalohamia kila mwezi nyumbani kwa yule ambaye zamu ya meri-go-raundi imemfikia. Watoto wa jirani wanakwenda huko Jumamosi. Mtu akichana ukurasa anaushona. Hakuna faini ya kitabu, walikataa wenyewe, walisema mtoto akiogopa faini hatashika kitabu. Walio na simu nzuri wanaweza pia kupata hadithi bila malipo kutoka African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, ambao una hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kikamba zikiwamo. Zaweza kusomwa kwenye simu au kuchapishwa.

Yule mama wa ungo alirudi. Kikundi kilikuwa kimemwekea zamu yake, pesa zilifungwa kwenye leso mpaka akaja. Tulimwomba atuonyeshe, akaketi na mtoto na ungo, na wenzake wakasikiliza jinsi wanavyoulizana. Karatasi ya herufi hatukuitundika siku hiyo. Aliulizwa kama angependa kuingia masomo ya watu wazima yaliyo karibu na soko, akasema amalize kuvuna kwanza. Sanduku litafika kwake mwezi wa tatu kutoka sasa.

Katika mkutano wenu ujao, kila mmoja aje na kitu kimoja cha jikoni, na mgawanyike wawili wawili. Mmoja awe mtoto, mwingine mzazi. Zungumzeni juu ya kitu hicho kwa dakika tano bila kutoa amri hata moja. Kisha ulizaneni: ilikuwa vigumu wapi? Ni nani katika boma lako anayeketi na mtoto muda mrefu kuliko wote, na je, amesikia somo hili? Katika kijiji chetu kuna mtoto ambaye tumemwita mjinga na hakuna aliyetazama masikio yake? Na faini zetu za mwaka huu ziko wapi?